Mstari wa Hermine

Kwa miaka ishirini Hermine Wokurka aliruka Lutz ya uongo, na mtu pekee aliyethubutu kumwambia ni Gerlinde Pospischil, mwalimu wake wa kuteleza kwenye barafu.

"Hiyo yako nzuri, mama," Gerlinde alizoea kusema, kahawa mkononi. "Ila Lutz siyo."

Hermine alikuwa fundi wa kupunguza suruali, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, na maneno hayo yalimkera kuliko mteja anayebishana juu ya pindo. Lakini Gerlinde alisema kweli. Lutz ni mruko wenye kiburi. Unateleza kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, umelalia makali ya nje ya chuma cha kiatu, unachora upinde mrefu kuelekea upande mmoja. Kisha unachoma barafu kwa meno ya ncha ya kiatu cha kulia na kujizungusha upande wa pili. Mwili hautaki wazimu huo. Dakika ya mwisho kifundo hulegea, chuma hulalia makali ya ndani, na hapo umejirahisishia kazi: umeruka mruko mwingine kabisa, wenye jina lake.

Watazamaji watapiga makofi vilevile. Barafu ndiyo inayokuumbua, maana mkia wa mstari unaoachwa na chuma hujipinda. Mwenye jina hilo la Lutz alikuwa kijana wa hapahapa Viena, wa enzi za kabla ya vita vikuu vya kwanza, akafa angali mbichi. Wazee wa uwanja wa akina Hermine hawakujali nani karuka juu; waliinama kusoma mstari.

Sasa ilikuwa Jumapili ya kufunga msimu, na kesho yake Gerlinde alikuwa anahamia Linz kwa binti yake. Hermine alitaka kitu kimoja tu: Gerlinde alitamke neno lile kabla hajaondoka. Likitamkwa na mwingine lisingekuwa na ladha.

Alianguka asubuhi nzima. Mara kengele ya mashine ya kulainisha barafu ikalia, watu wakatoka. Hermine akajifanya hasikii. Aliegemea nje mpaka akahisi anamwagika, akakaza kifundo, akachoma, akazunguka, akashuka kwa makalio, puu! Alipogeuka kutazama alipotoka, moyo ulimlipuka. Akajilaza kifudifudi kando ya mstari wake, mikono kaitandaza.

Mashine ikasimama hatua chache kutoka kichwani pake. "We mama, toka!" Slavko, dereva wa mashine hiyo, alifoka. "Unataka nikupige pasi?"

"Zunguka!"

"Nizunguke niende wapi? Nina kazi mie!"

"Ukiufuta huu, Slavko, suruali zako utazipunguza mwenyewe!"

Slavko aliutazama mguu wa suruali yake, akazima injini.

"Gerlinde!" Hermine aliita. "Njoo usome!"

Gerlinde, mwenye nyonga mbovu, aliweka chini andazi lake la jamu ya aprikoti na kuingia barafuni na viatu vya mtaani, akinung'unika kwamba atavunjwa mifupa kwa ajili ya ukaidi wa mtu. Slavko aliruka chini akamshika mkono. Gerlinde akapiga magoti polepole, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mfereji ule mwembamba. Ulipinda kwa nje, ukaendelea kwa nje, ukafika mpaka kwenye tundu la meno ya kiatu bila kugeuka. Akarudia tena.

"Lutz," alisema.

Hermine alilia pale pale, kamasi na yote, wala hakuona haya.

"Unalia nini? Umetua kwa makalio," Gerlinde alisema. "Oktoba wakifungua nakuja na treni ya asubuhi. Nataka unitulie kwa mguu, umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Basi nipite jamani?" aliuliza Slavko.

"Subiri kwanza," Gerlinde alijibu, bado kapiga magoti. "Sijamaliza kuangalia."