Karani wa Majani na Jogoo wa Nyaboke

Karani wa kituo cha majani chai pale Manga hupima kwa mkono mmoja; wa pili umeshika riwaya. Hulamba kidole, hufunua ukurasa, hutangaza kilo kwa sauti ya mchungaji, kisha hucheka peke yake. Nyaboke, bibi kizee asiyesoma ila jina lake, humwambia kila siku kwamba kitabu cha uongo hakimfundishi mtu kitu. Jana alifika na kikapu chake na machozi: jogoo wake wa pekee amepotea. Karani hakuinua macho.

"Nyanya, nani amekusaidia zaidi kumtafuta?"

"Edinah, jirani yangu huyu hapa nyuma. Amemwita tangu asubuhi mpaka koo limekauka."

Karani akalamba kidole. "Humu kitabuni, anayeita sana ndiye anayejua hataitikiwa."

Foleni nzima ikageuka.

"Mimi?" Edinah akaruka. "Jogoo mwenyewe mifupa mitupu, hata mchuzi ulikuwa maji!"

Watu walicheka mpaka majani yakamwagika. Nyaboke hakucheka. Alisogea karibu na mizani.

"Uongo ni uongo tu," akasema. "Lakini lamba hicho kidole, usome mbele. Mwaka jana nilipoteza mbuzi."