Viumbe Wanaogeuza Mgongo

Mama mkwe alipopasuliwa jicho mjini Thika, daktari alimkataza vumbi. Sasa, nyumbani kwake ni Gatuanyaga, ambako vumbi huingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Mke wangu akaamua bila kuniuliza: mama angekaa kwetu Membley, hapa Ruiru, mpaka jicho lipone.

Nilifurahi, na nikaogopa. Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu mtu hamkodolei macho mama mkwe, hampi mkono, hali naye meza moja, na kulala chini ya paa moja naye ni habari ya kuitiwa wazee. Nimesoma, ndiyo, lakini kuna mambo ambayo shahada haiyatoi mwilini. Kwa hiyo yeye akiwa sebuleni, mimi niko chumbani. Akielekea jikoni, mimi natokea mlango wa nyuma. Chakula nilikula nimekaa kitandani, na nilijiona mtu wa adabu kupindukia.

Yeye aliona kingine kabisa. Mke wangu alimweleza kwamba ni mila. Mama akauliza ni mila gani hiyo inayomshika mtu aliyesoma hivyo, akasema huyu hamtaki tu. Asubuhi moja akaanza kukunja nguo zake arudi vumbini, na jicho bado bichi. Mke wangu alinifuata chumbani.

"Mum akipoteza hiyo jicho, mimi na wewe tutajuana," akasema, akaenda kazini.

Tukabaki wawili. Mimi nina ugonjwa wa riwaya za viumbe wa sayari nyingine. Huzinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Thika, nyingine hazina hata jalada. Nikachukua moja, nikaweka kiti kwenye korido mbele ya mlango wa chumba chake, nikampa mama mgongo, nikasema kwa sauti kwamba nataka kumsomea hadithi. Hakunikataza, basi nikaanza, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili nilivyoweza.

Binadamu wametua kwenye sayari ngeni. Nahodha wao ananyoosha mkono kusalimia. Wenyeji wote wanamgeuzia mgongo. Ananyoosha tena, wanageuka tena. Nahodha anaona amedharauliwa, anaamuru mizigo ipakiwe.

"Ngoja," mama akasema kutoka chumbani. "Wamepewa chai?"

Nikamwambia bado.

"Watu wametoka huko kote na hata chai hakuna? Haya, endelea."

Nikaendelea. Nahodha ameshakanyaga ngazi ya chombo anapomwona malkia wa wale viumbe akipita. Wote wanamgeuzia malkia mgongo. Nyuma yake analetwa mwizi, na huyo ndiye wanayemkazia macho. Kumbe kwao anayetazamwa usoni ni yule asiye na heshima.

Nikafunga kitabu. Nikasikia kicheko kidogo, kikakua, mpaka nikaogopa mshono wa jicho usije ukafumuka.

"Kwa hivyo hao ni watu wa kwenu," akasema.

"Ndio, mama. Ni watu wa kwetu kabisa."

Nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa na nguo zikirudishwa kabatini. Nilifurahi hadi nikasoma ukurasa mmoja mara mbili, na yeye ndiye aliyenisahihisha.

Alikaa mpaka daktari akamruhusu, na tulimaliza vitabu vyote vya rafu ya chini. Siku ya kuondoka, mimi nilisimama kando ya gari nikitazama ukuta, kama inavyopasa. Akatoka, akasimama mbele ya majirani, akanigeuzia mgongo kwa maringo yote.

"Muthoni wangu," akasema, akiniita mkwe kwa Kikuyu, "ukuje nyumbani na kitabu ingine."

Nilikwenda Gatuanyaga vumbi likiwa limetulia baada ya mvua. Mama alikuwa jikoni, hakutoka. Kwenye baraza kiti changu kilikuwa tayari, kimeelekezwa ukutani, na kando yake, juu ya stuli, kikombe cha chai ya moto.