Njano Iliyomshtua Gaudiosa

SAA tatu asubuhi, Gaudiosa Kokushubira anasugua silinda ya bastola ya zamani kwa kitambaa cha pamba. Anasugua taratibu, kwani nikeli iliyopakwa juu ya chuma ni nyembamba na ikibanduka hairudi.

Mara anasimamisha mkono. Nyuma ya silinda, chini ya mafuta yaliyoganda kama lami, imechomoza rangi ya njano.

"Nilijua nimeiharibu," anasema. "Bastola nyingine huwa na shaba chini ya nikeli. Ukiona njano, umezidisha."

Mama huyu wa miaka 51, mzaliwa wa Muleba, anaishi Rissne, kitongoji cha Stockholm, Sweden. Alisafisha sakafu za hospitali kwa miaka tisa kabla ya Filip, fundi silaha mwenye karakana ndogo hapa Stockholm, kumpa kazi ya kung'arisha. Bastola moja humchukua siku tatu. Wiki hii Filip alikuwa aamue kama atamwandikia barua ya kumpendekeza awe fundi kamili.

Gaudiosa anasogeza taa. Ile njano ni duara. Ni kitako cha risasi.

"Tangu asubuhi nilikuwa nimeipakata, mtutu umenielekea tumboni."

Kadi iliyofungwa kwenye bastola inasema ni tupu, kwa mwandiko wa Filip. Lakini kanuni ya karakana ni kwamba anayepokea anakagua, na anayesafisha anakagua tena.

"Sikukagua. Kwetu mkubwa akishasema, unahakikisha nini tena?"

Aliielekeza bastola kwenye ndoo ya mchanga, akamwita Filip na kumwambia yote.

"Umegusa kigongeo?" Filip aliuliza, akimaanisha kinyundo kinachofyatua risasi.

"Nimekisugua mpaka kinang'aa."

Filip alikaa kwenye stuli. "Na mimi nilimwamini mteja," alisema baadaye.

Mteja huyo, Christina, alipigiwa simu. Bastola ilikuwa imetundikwa sebuleni kwake miaka arobaini.

"Wajukuu huishusha kuichezea," alisema.

Silinda imekwama, haizunguki. Filip anaidondoshea mafuta ili yapenye hadi asubuhi, anaifungia kwenye sefu ikiwa imeng'aa nusu.

"Na barua yangu?" Gaudiosa anauliza kwa sauti ndogo. Anatamani siku moja awe na meza yake.

"Nitaiandika. Si leo, leo wote wawili hatukukagua," Filip anamjibu. "Kesho saa mbili tunaitoa hiyo risasi. Wewe unakagua kwanza, halafu mimi."