Ua la Kumi na Mbili

Saa mbili na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, nilikuta watu watatu kando ya mtaro wetu hapa Carama, wakitazama kamba yangu.

Nilikuwa nimeifunga Ijumaa alasiri kwa vigingi vinne, kulizunguka ua moja la rangi ya zambarau. Jirani yangu huchora maua ya mwituni kwa rangi za maji, na huchora lile tu lililo mbele ya macho yake. Mama mmoja wa Kinindo alikuwa amemwagiza picha kumi na mbili za sebule yake, kwa sharti kwamba zikipungua hanunui hata moja. Kumi na moja zilikuwa tayari. Ya kumi na mbili ilikuwa na shina na majani. Ua lenyewe lilitazamiwa kufunguka Jumamosi. Na Jumamosi asubuhi mtaa mzima hutoka na majembe kwa kazi za jumuiya, kufyeka kila kisichopandwa na mtu.

Upimaji wa ardhi nilijifunza mwenyewe, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kwa hiyo sikufunga kamba ovyo: kila upande mita moja na nusu, kila kona nyuzi tisini. Hapo ndipo nilipokosea. Mjini kwetu, vigingi vilivyonyooka namna ile maana yake ni kiwanja kinauzwa.

"Muzee, iyi parseli ni yako?" aliuliza wa kwanza, dalali, simu mkononi. "Mi niko na muteja."

"Si parseli. Ni maua."

"Sawa, maua iko ndani. Sema bei."

Mwanamke mwenye jembe aliangua kicheko. "Mita moja na nusu! Muteja wako ni kuku?"

"We cheka tu. Kesho utaikuta na geti."

Wa tatu alikuwa shefu, yaani mkuu wa mtaa. Yeye aliniomba hati. Nilimweleza kwa dakika nne, nikianzia na jamii ya mmea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wenye majembe waliokuwa wameanza kukusanyika.

"Mutu anajikatia barabara ya serikali, anasema ni maua. Mulime apo."

Akaniandikia faini.

Jirani yangu alifika na brashi zake ua likiwa tayari juu ya lundo. Hakunilaumu. Alikaa juu ya ndoo, akalichora lilivyolala, limesinyaa, na kipande cha kamba yangu juu yake.

Jumatatu tulizipeleka picha Kinindo. Mama yule alizipanga sakafuni, akakwama kwenye ya mwisho.

"Lakini hili limekufa."

"Yote yamekufa, mama," alisema jirani yangu. "Wanalima kila Jumamosi. Iyi peke yake ndiyo inasema kweli."

Mama aliiinua ile picha.

"Hii tutaitundika karibu na mlango," alisema. "Wageni watapata cha kuzungumza."

Akalipa zote kumi na mbili.

Mimi nililipa faini, elfu kumi, na kamba, elfu moja na mia tano. Vigingi nilirudishiwa. Hasara: faranga elfu kumi na moja na mia tano.