Bomba Lililozibwa kwa Blanketi

Mwanangu alikuwa akitapika kila asubuhi, na mama mkwe alikuwa ameshajua wa kulaumiwa.

"Ulimwachisha ziwa mapema ukakimbilia kazi," aliniambia. "Mtoto wa chupa hana tumbo."

Alikuwa ametoka Kenya kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, na yeye mwenyewe aliamka kila siku na kichwa kinachogonga. Kwa hicho aliilaumu baridi ya Minnesota. Kichwa changu pia kiliuma, nami nilimlaumu yeye.

Daktari alisema ni homa ya msimu, itapita. Haikupita. Tena kulikuwa na jambo lililoninyima raha: nikimpeleka mtoto kwa jirani anayemlea nikiwa kazini, kufikia saa sita mchana anakula na kukimbia. Nikimrudisha nyumbani, jioni amelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Kwa watu baki anakula. Ni mkono wako."

Nilitamani kurusha sufuria.

Nyumba yetu kule Brooklyn Park ilikuwa ndogo, kuukuu, inapitisha upepo kila upande. Mwenzangu wa kanisani aliniambia kuna ofisi inayotuma watu kupima nyumba inapopoteza joto, kisha wanaziba nyufa na kujaza dari vitu vya kuzuia joto lisitoke, bure kwa watu wenye mishahara kama yetu. Mume wangu hakutaka kusikia.

"Mimi si wa kuombaomba. Wageni wapekue nyumba yangu waandike nini? Na nimeshaziba mwenyewe."

Kweli alikuwa amebandika plastiki kwenye madirisha yote, akajisifu mwezi mzima. Nilingoja aende kazini, nikapiga simu. Ruhusa sikuomba.

Aliyekuja alikuwa mama wa Kizungu, mnene, buti zimejaa theluji. Mume wangu alikuwa nyumbani siku hiyo. Akamfuata hatua kwa hatua kama askari anayelinda benki. Tukashuka chumba cha chini, penye fanesi, lile jiko kubwa la gesi linalopasha nyumba nzima joto. Yule mama akaiwasha, akashika kijiti kinachofuka moshi karibu na bomba la kutolea moshi wa fanesi. Moshi ulipaswa kuvutwa juu utoke nje. Ukarudi, ukamjia usoni. Kifaa cha kupimia hewa kilichoning'inia shingoni mwake kikaanza kupiga kelele.

Akazima fanesi papo hapo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Juu, na nyanya yake."

"Tokeni nje wote. Sasa hivi."

Tulijibana ndani ya gari letu, mtoto kifuani mwangu.

"Nyumba inaungua?" mama mkwe akauliza. "Mbona sioni moto?"

Yule mama alifungua madirisha yote, akaja garini na blanketi letu kuukuu mkononi, limejaa vumbi. Akatueleza. Moto wa gesi unahitaji hewa, na kuna bomba linaloileta kutoka nje. Letu lilikuwa limeshindiliwa hilo blanketi. Fanesi ilipokosa hewa ikatema gesi yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nasi tukalala tukiivuta.

"Nani aliziba?"

Mume wangu akatazama theluji. "Lilikuwa linaingiza baridi. Nilidhani waliojenga walisahau kulifunika."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe polepole. "Kumbe ni wewe, baba?"

Nikalia. Si kwa uchungu. Hayakuwa maziwa ya kopo, haikuwa kazi, haikuwa mkono wangu. Mwanangu alikuwa na ugonjwa wenye jina, na jina lenyewe lilikuwa blanketi.

Hospitalini tulivutishwa oksijeni, sote wanne, tumepangwa kama wagonjwa wa ajali moja. Mafundi wa ile ofisi wakaja. Walilifungua bomba, wakatengeneza njia ya moshi, wakapuliza makaratasi yaliyosagwa juu ya dari, wakatundika kengele ya gesi mlangoni pa chumba cha kulala. Nyumba ikashika joto ambalo plastiki ya bwana haikuwahi kulileta.

Asubuhi baada ya kulala humo tena, mtoto alimaliza uji, akagonga bakuli kwa kijiko. "More!"

Nilimmiminia. Nikangoja. Hakutapika. Nikamwongeza tena, nikamtazama akimeza hadi mwisho, pumzi zikanishuka. Ndipo nikamgeukia baba yake, maana sasa nilikuwa na nafasi ya kumkasirikia vizuri.

"Mwache anywe chai kwanza," mama mkwe akasema, akivuta kiti karibu ili asikie.