Kahawa Isiyojua Dawa

Buni mbichi hainukii kama kahawa ya kikombeni. Inanukia majani makavu na gunia jipya, na kila nikiivuta harufu hiyo hurudi moja kwa moja Changamwe, kwenye ghala alikofanya kazi Baba, likizo ile nilipokuwa msichana wa miaka tisa.

Asubuhi moja Nyanya, mama yake Baba, aliwasili kutoka Kirinyaga. Chama chao cha ushirika, wakulima wadogo wa kilima kimoja, kilikuwa kimempata mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka kahawa iliyokuzwa kwa samadi tupu pasipo dawa ya wadudu, tena ainunue kwa bei ya haki bila madalali. Huo ulikuwa mzigo wao wa kwanza, wakamtuma Nyanya ausindikize mpaka uingie kwenye kontena. Tulitaka kumpeleka kwanza akaione bahari. Alikataa katakata.

"Bahari itaningoja," alisema. "Kontena halingoji mtu."

Ghalani alinionyesha magunia yao, kila moja limechorwa jani la kijani, akayapapasa kama mtu anayesalimia mbuzi wake. "Hii kahawa haijui dawa," alininong'oneza kwa fahari. Mimi nilielewa kwamba haijawahi kuugua.

Kisha yeye na Baba wakaingia ofisini kutia sahihi. Ndipo nikamwona mfanyakazi mmoja, bomba la dawa ya wadudu mgongoni, akinyunyizia rundo la jirani. Alipomaliza, akageukia magunia ya jani.

Sikufikiri. Nilipanda juu ya magunia kwa mikono na magoti, nikapiga ukelele: "Hii haipigwi dawa! Haiumwi!"

"Shuka, mwanangu, itakuingia machoni," alisema yule bwana huku akicheka.

"Sishuki!"

Nyanya alitoka mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Akapanda, na umri wake wote ule, akanivuta nyuma ya mgongo wake. "Nipige mimi dawa kwanza!"

Mnyapara, Bwana Athmani, alikuja akasoma karatasi ya mzigo, akashika kichwa. "Wallahi, mama, tungalikuharibia. Niwie radhi."

Magunia yakahamishiwa chumba cha peke yake. Adhuhuri, la mwisho lilipoingia na mlango wa kontena kupigwa muhuri, Nyanya alicheza pale pale, mabega yakimtetema, nami nikirukaruka kando yake, wapagazi wakitupigia makofi.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponisimulia yaliyobaki. Wakulima wale walikuwa wameng'oa magugu kwa mikono miaka mingi, na mnyunyizo mmoja ungetosha mzigo kukataliwa. Hilo nilikwisha kulikisia. Nisilolijua ni kwamba Nyanya aliacha dawa kabla ya chama chochote, wiki aliyomzika Babu, ambaye kifua kilimharibika kwa kunyunyizia mibuni bila kujifunika pua.

Na siku ile, alimwambia Mama, alipotoka ofisini hakuyaona magunia hata moja. Aliniona mimi, na bomba limeelekea usoni mwangu.