Zamu ya Kwenda Mombasa

Miaka ya tisini, kahawa ilipoacha kulipa, mama yangu alijiunga na klabu ya safari. Huyu ni mama ambaye safari yake ndefu ilikuwa kushuka Nkubu kupimwa presha. Alinitumia ujumbe Kaaga, nilikokuwa nikifundisha, nije Jumamosi nimwambie kama klabu hiyo ni ya kweli, kwani Jumapili baada ya misa angewaita wanawake wote wa kikundi chake wajiunge.

Nilifika nikiwa nimeshakasirika. Muuzaji alikuwepo, bwana wa makamo mwenye tai na picha za hoteli za Mombasa. Alinieleza vizuri tu: unalipa kiingilio, unaleta watu wawili, nao wanaleta wao, wewe unapata kamisheni. Ukienda hotelini unapunguziwa bei. Nauli ni yako.

Mama alikuwa ameelewa vingine kabisa. Katika kikundi chao wanawake walinunuliana mabati na sufuria kwa zamu, na mwenye shida alisogezwa mbele. Kwake klabu ilikuwa hiyo hiyo, ila badala ya mabati unapewa Mombasa. Alikuwa ameshamwingiza jirani yetu mjane, ambaye aliuza mbuzi ili alipe, na mama akamwachia zamu ya kwanza. Walikuwa wameshakubaliana kwamba mjane abebe sweta moja tu, maana Mombasa kuna joto. Nilicheka, kisha nikajionea aibu.

Nikamuuliza yule bwana, "Wewe umelala hoteli gani kati ya hizi?"

"Mimi bado najenga watu wangu, mwalimu. Nitaenda tu."

"Na aliyekuingiza?"

"Huyo pia bado."

Mama alimwongezea chai, maana mgeni ni mgeni, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alijifunga kitambaa upya, akasema twende kwa mjane. Njiani nilimhurumia sana.

Alisema yote akiwa wima mlangoni: hakuna zamu, hakuna Mombasa, na mwenzake aje achague mbuzi kwetu.

Mjane aliendelea kumenya ndizi.

"Mambo ya hoteli mimi sikuwa nimeelewa," alisema. "Na Mombasa sikuwa naitaka. Niliingia kwa sababu ni wewe uliniita."

Mama akaketi kwenye kigoda, na hapo ndipo alipolia.